Moto Hauzimi Mionzi

Taka za mionzi katika maabara za utafiti za vyuo vikuu hutenganishwa kwa isotopu, kwa hali yake (kavu, majimaji, mizoga, vichupa vya kupimia), na kwa hatari nyingine zinazoandamana nazo, kama vile vijidudu au viyeyushi vinavyoshika moto. Lakini swali linalorudi kila muhula halihusu kutenganisha. Ni lile lile: kwa nini zisichomwe, au zisimwagiwe klorini, yakaisha?

Hayaishi. Moto, asidi, klorini na mvuke wa otoklevu hugusa elektroni za nje ya atomi tu, ilhali mionzi hutoka katika kiini. Kifungo cha kikemikali huvunjika kwa elektronivolti chache. Chembe ya beta ya fosforasi-32 huweza kutoka na elektronivolti milioni 1.7. Hakuna tanuri la kuchomea taka linalokaribia nishati hiyo. Klorini huua bakteria kwa sababu bakteria ana uhai wa kutolewa. Kiini cha atomi hakina.

Kibaya zaidi, dawa hizo hueneza kile kilichokuwa kimedhibitiwa. Kaboni-14 ikichomwa huwa hewa ya ukaa yenye mionzi ile ile, tritiamu huwa mvuke wa maji, na fosforasi-32 husalia katika majivu. Iodini-125 ni hatari kuliko zote hizo: iodidi iliyotulia ndani ya maji ikichanganywa na klorini au asidi hugeuka iodini inayopaa, ikavutwa puani na kujikusanya katika tezi ya thairoidi. Aliyedhani anasafisha meza huwa amechafua hewa ya chumba kizima. Ni kweli kwamba zipo nchi zinazoruhusu uchomaji kwa leseni, lakini lengo lake ni kupunguza ujazo au kuteketeza viyeyushi, kamwe si kumaliza mionzi.

Kinachoipunguza ni muda peke yake, na ndiyo maana kutenganisha kwa nusu-uhai (muda wa mionzi kupungua kwa nusu) ndiyo kazi yenyewe. Nusu-uhai mbili huacha robo. Kumi huacha chini ya sehemu moja ya elfu. Fosforasi-32 (siku 14.3) husubiri takriban miezi 5, iodini-125 (siku 59.4) miezi 20, salfa-35 (siku 87.4) karibu miaka 2 na nusu. Kisha taka hupimwa. Zikilingana na mionzi ya asili ya mahali hapo, alama ya mionzi huondolewa na hutupwa pamoja na taka za aina yake. Tritiamu (miaka 12.3) na kaboni-14 (takriban miaka 5,700) hazisubiriki: hukabidhiwa kwa mamlaka yenye leseni, ambayo kwa Tanzania ni Tume ya Nguvu za Atomiki. Tone la kaboni-14 katika pipa la fosforasi-32 huliondolea pipa zima nafasi ya kusubiri.

Katika kazi ya kila siku, fosforasi-32 hukingwa kwa akriliki nene, kwa kuwa beta zake zikigonga risasi huzalisha eksirei. Iodini-125 hukingwa kwa risasi. Kipima-Geiger hakioni tritiamu, hivyo meza hupanguswa na kipanguo kupimwa kwa kaunta ya sintilesheni. Sinki hupokea vimiminika vinavyoyeyuka majini tu, ndani ya kiwango cha kibali. Kila chombo huandikwa isotopu, kiasi, tarehe na jina la mhusika siku kinapoanza kujazwa.