Umenunua simtanki, nani atalisafisha?

MAJI yakitoka bombani Tunduma, kila mtu nyumbani huacha alichokuwa akifanya. Madumu yanajazwa, mabeseni yanajazwa, na mwenye simtanki anafungua koki usiku kucha. Yakikatika, familia inaishi na kilichomo ndani ya tangi kwa siku kadhaa.

Ndiyo maana dukani swali huwa moja: lita 1,000 au 2,000? Swali la pili huulizwa na wachache: litasafishwaje?

Ni swali la uhai. Kipindupindu hakigongi muhuri mpakani. Mlipuko ulioanza Malawi Machi 2022 uliua watu zaidi ya 1,700, na ule wa Zambia ulioanza Oktoba 2023 uliua zaidi ya 700. Mkoa wa Songwe unapakana na nchi zote mbili. Dalili zinaweza kuanza ndani ya saa chache hadi siku tano, na mgonjwa mwenye hali mbaya asipotibiwa anaweza kupoteza maisha siku hiyo hiyo kwa kuishiwa maji mwilini.

Maji meupe, tangi chafu

Maji yanaweza kuonekana meupe kwenye glasi ilhali tope limetuama chini ya tangi na utelezi umeshika kuta. Vimelea hupata maficho humo. Wengi huona njia rahisi ni kumimina dawa ya klorini juu ya uchafu huo. Haisaidii sana, kwa sababu nguvu ya klorini huishia kwenye tope kabla ya kumaliza vimelea. Kwanza sugua, kisha tia dawa.

Chagua njia inayokufaa

Njia ya kwanza ni kusafisha mwenyewe. Inafaa kwa tangi dogo lililo chini, ambalo likiwa tupu linaweza kulazwa ubavu na kusuguliwa kwa brashi ya mpini mrefu.

Njia ya pili ni fundi mwenye pampu, hasa kwa tangi kubwa, la juu ya mnara au la chini ya ardhi. Kabla ya kukubaliana bei, muulize pampu na mipira yake hufanya kazi gani nyingine. Kama jana ilinyonya maji ya shimo la choo, isiingie kwenye maji ya kunywa.

Njia ya tatu huanzia siku ya kununua: fundi bomba aweke koki ya kutolea uchafu sehemu ya chini kabisa ya tangi. Kila wiki unaifungua kidogo, tope linatoka lenyewe. Koki hiyo haiondoi utelezi wa ukutani, lakini inapunguza kazi ya brashi.

Ndoo moja inatosha

Wengi huahirisha usafi kwa kuogopa kumwaga maji. Subiri tangi likaribie kuisha. Maji ya tope yanayobaki yanafaa kumwagia chooni. Sugua kwa sabuni na maji, suuza, kisha andaa ndoo ya lita 20 yenye takribani mililita 120, yaani nusu kikombe, za dawa ya klorini ya maji yenye nguvu ya asilimia 3.5, isiyo na manukato. Paka kuta zote kwa brashi safi, acha dakika 30, suuza na umwage.

Vaa glavu, na usichanganye klorini na dawa nyingine ya kusafishia choo. Mchanganyiko huo unaweza kutoa hewa ya sumu.

Mtu asiingie peke yake ndani ya tangi la chini ya ardhi. Hewa humo inaweza kuwa haitoshi, na pampu ya petroli ikiwashwa ndani hutoa moshi unaoua. Mfuniko wa tangi hilo ufungwe kwa kufuli muda wote; mtoto anayecheza uani hahitaji dakika nyingi kuzama.

Lini?

Kwa Songwe, ambako mvua hunyesha kati ya Novemba na Aprili, ratiba nzuri ni Oktoba kabla ya mvua na Mei baada ya tope la masika. Wanaonunua maji ya boza waangalie mara nyingi zaidi. Mfuniko ukae vizuri, na bomba la kufurikia lizibwe kwa wavu ili mbu wasizaliane.

Hata tangi likiwa safi, maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe vidonge vya kutibu maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Mtu akianza kuharisha majimaji mfululizo, apewe maji ya chumvichumvi ya ORS huku akiwahishwa kituo cha afya.

Kwa hiyo wikiendi hii, kabla ya kuuliza maji yatatoka lini, panda ngazi, fungua mfuniko na umulike tochi ndani.