Mkono Mmoja Kabla ya Wakati

Hapa kando ya ziwa, toka Kavimvira hata Makobola, mtoto hufundishwa kwamba mkubwa hapewi kitu kwa mkono wa kushoto. Basi mama akiona mtoto wake wa miezi 6 anashika kila kitu kwa mkono wa kuume tu, hufurahi. Bibi naye husema, “Huyu amezaliwa na adabu.” Lakini mtoto wa miezi 6 hajui adabu ya mkono. Huenda ule wa kushoto hauna nguvu.

Mtoto mchanga mwenye afya hutumia mikono yote miwili. Leo ashika kijiko kwa huu, kesho kwa ule. Kupenda mkono mmoja huja polepole, na kwa watoto wengi huwa imara kati ya miaka 2 na 4. Kwa hiyo, mtoto asiyetimiza miezi 12 akichagua mkono mmoja sikuzote, uwe wa kuume au wa kushoto, utazame sana ule mwingine.

Mketishe mkekani. Weka kifuniko cha sufuria mbele yake, kisha kisogeze upande wa mkono asioutumia. Je, anapitisha mkono ule ule mbele ya kifua ili akifikie? Je, ule mwingine umekunjwa ngumi, na kidole gumba kimefichwa ndani? Mpeleke hospitalini, hata kama halii wala hana homa.

Pengine mishipa ya bega ilivutwa alipozaliwa. Pengine ubongo uliumia tangu tumboni, au wakati wa kuzaliwa, au baadaye kwa malaria kali. Kumchanja chale hakutaurudisha mkono, ila kutakupotezea miezi iliyo bora, kwa maana ubongo wa mtoto mchanga hujifunza upesi. Usiufunge mkono wenye nguvu kwa shauri lako mwenyewe. Mganga atakuonyesha mazoezi. Nyumbani, mpe vitu upande ulio dhaifu.

Na mkono uliokuwa mzima ukilegea ghafula, mpeleke siku ile ile. Yaweza kuwa polio.

Je, mtoto wa miaka 3 mwenye mikono miwili mizima, naye apenda wa kushoto? Huyo si mgonjwa. Karibu mtu 1 katika 10 yuko hivyo. Usimpige, wala usimpake pilipili vidoleni. Mwache ashike kijiko, na baadaye kalamu, kwa mkono wake. Kusalimu kwa kuume atafundishwa kwa upole, kama afundishwavyo kunawa kabla ya bugali.