Aliyepata ulemavu ukubwani aweza kuwaongoza wenzake kazini

MSOMAJI, tuseme ulitoka nyumbani alfajiri ukiwa dereva wa lori, ukarudi miezi minne baadaye ukiwa umeketi kwenye kiti cha magurudumu. Hospitalini ulifundishwa mengi: kujigeuza kitandani, kuhama kutoka kitandani hadi kitini, kutumia mpira wa kutolea mkojo. Daktari alikueleza habari za uti wa mgongo akakuonyesha na picha. Lakini lile swali ulilolala nalo kila usiku, yaani utawalisha watoto kwa kazi gani, hakuna aliyekujibu.

Swali hilo nalijua. Nilikuwa fundi wa umeme hadi nilipoanguka kutoka juu ya ngazi, na barua ya kuachishwa kazi ililetwa wodini kabla hata ya nyuzi za mshono kutolewa. Aliyenisaidia hakuwa mtaalamu. Alikuwa mgonjwa wa zamani aliyekuja kliniki kutibiwa kidonda. Alisimamisha kiti chake kando ya kitanda changu akaniuliza ninajua kufanya nini. Nikamjibu kwa hasira kwamba kazi yangu ni ya kupanda nguzo. Akauliza ni nani aliyekuwa akipiga hesabu ya nyaya na vifaa kabla ya watu kupanda. Ni mimi. "Hiyo ni kazi ya mezani," akasema, akasukuma kiti chake akaenda zake.

Mtu wa namna hiyo ndiye tunayemwita hapa mshauri wa ajira kwa walemavu. Kazi yake si kukuliwaza, na wala si kukutafutia nafasi kwa kujuana. Anakaa nawe, mnachambua kazi uliyokuwa ukifanya kipande kwa kipande, mnaona ni kipi bado unakiweza, kipi utakiweza ukipata kifaa, na kipi hakiwezekani tena. Dereva wa lori anazijua barabara, stakabadhi za mizigo, ushuru wa mpakani na hila za madereva wenzake. Ofisi ya kupanga safari za magari ingefaidika naye, ingawa yeye mwenyewe hajawahi kujiona hivyo.

Kwa nini afae zaidi mtu aliyepata ulemavu akiwa mtu mzima? Waswahili wanasema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mtu huyu amewahi kuajiriwa akiwa mzima na ametafuta kazi akiwa mlemavu, kwa hivyo anazijua pande zote mbili. Pia anajua mambo ya mwili ambayo meneja hawezi kuyakisia.

Kwa mfano, mtu asiyehisi makalio yake hawezi kukaa kitini saa nne mfululizo kama karani mwingine. Yafaa ajiinue au aegemee upande mmoja baada ya kila dakika 15 hadi 30 hivi, la sivyo damu haifiki kwenye ngozi na kidonda kinaanza bila maumivu yoyote. Kidonda kama hicho chaweza kumlaza mtu miezi, na hapo kazi imekwenda. Anayetumia mpira wa mkojo wa kuingiza na kutoa huhitaji choo safi chenye mlango mpana, kwa kawaida kila baada ya saa nne hadi sita. Nimewaona watu wakiacha kunywa maji kutwa nzima kwa sababu choo cha ofisi kiko ghorofa ya tatu na lifti haifanyi kazi, kisha wanaugua maambukizi ya kibofu na kuitwa wavivu.

Tena kuna hatari ambayo wafanyakazi wenzake hawana budi kuifahamu. Mtu aliyeumia uti wa mgongo juu ya usawa wa kifua anaweza kushikwa ghafla na kichwa kinachogonga, jasho na wekundu usoni huku shinikizo la damu likipanda mno. Mara nyingi chanzo ni kibofu kilichojaa au mpira uliojikunja. Aketishwe wima, nguo zinazombana zilegezwe, mpira ukaguliwe, na hali isipotulia upesi akimbizwe hospitalini. Mshauri mzuri huyaeleza haya ofisini siku ya kwanza, kwa idhini ya mwenyewe, bila haya.

Sheria nayo lazima aijue. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 54, inalenga angalau asilimia 5 ya nafasi katika mashirika ya umma ya kuchaguliwa na kuteuliwa ziende kwa watu wenye ulemavu, hatua kwa hatua. Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza mwajiri kumbagua mtu kwa sababu ya ulemavu. Sheria ya walemavu ya 2003 imechukuliwa nafasi na mpya ya 2025. Aliyeumia akiwa kazini ana haki ya kudai fidia chini ya sheria nyingine ya 2007, na asikawie, kwani dai linatakiwa kuwasilishwa katika muda wa miezi 12. Kuna pia msamaha wa kodi ya mapato kwa Sh150,000 za kwanza za kila mwezi, kwa aliyesajiliwa na baraza la taifa la watu wenye ulemavu na kupewa cheti na mamlaka ya ushuru. Utashangaa ni wangapi walio na mishahara na hawajawahi kusikia habari hiyo.

Bila shaka umesikia habari za Henry Wanyoike wa Kikuyu, aliyepoteza uwezo wa kuona mwaka 1995 akiwa kijana, kisha akashinda dhahabu ya mita 5,000 katika michezo ya walemavu ya Sydney mwaka 2000, akimaliza huku akimvuta kiongozi wake aliyeishiwa nguvu. Kisa chake husimuliwa kila mahali, na ni halali yake. Mimi lakini huwaambia wagonjwa waangalie sehemu isiyopigiwa makofi: kabla ya medali alijifunza kufuma sweta huko Machakos. Usikubali kupimwa kwa dhahabu ya mtu mwingine.

Ukitaka kuifanya kazi hii, usianze ungali na donda moyoni. Mtu anayelia usiku kwa ajili ya mguu wake hawezi kumsikiliza mwingine. Ngoja hadi uweze kusimulia ajali yako bila sauti kukatika, kisha tafuta mafunzo ya unasihi, hata ya jioni. Jifunze pia ulemavu usio wako. Mimi nilidhani nimehitimu hadi alipokuja kijana kiziwi, nikagundua kwamba sijui hata jinsi ya kumtafutia mkalimani wa lugha ya ishara kwa ajili ya mahojiano. Asiyeona naye atakufunza kwamba kompyuta yaweza kusoma maandishi kwa sauti, na kwamba mojawapo ya programu hizo, NVDA, hutolewa bure.

Malipo ni haba mwanzoni. Wengi huanza kwa kujitolea kliniki siku moja kwa wiki huku wakifanya shughuli nyingine. Na usimwahidi mtu kazi. Nina bwana mmoja, mhasibu wa zamani aliyekatwa mguu kwa sababu ya kisukari, ambaye tumeandika naye barua kwa ofisi saba. Tano hazikujibu. Moja ilimwita, kumbe mahojiano ni orofani na ngazi ni arobaini. Alizipanda kwa magongo, akafika amelowa jasho, wakamwambia wataandika. Hawajaandika. Alhamisi tunakutana kuandika ya nane, na safari hii tutapiga simu kwanza kuuliza kuhusu ngazi.