Injini imechoka: uifungue au ununue nyingine?

Wadau, leo naomba tuache siasa kidogo tuongelee chombo kinacholisha familia. Shemeji yangu ana Toyota IST anayoifanyia teksi hapa Dar. Asubuhi moja kanipigia simu, sauti imemkauka. Gari haina nguvu, ikisimama kwenye taa inatetemeka, fundi kaisikiliza dakika mbili akasema, "Injini imekwisha hii, tafuta hela ya nyingine." Shemeji alikuwa njiani kwenda saccos kukopa. Nikamwambia geuza, mimi nilishaungua huko.

Niliungua hivi. Gari yangu ilikuwa inakula oili, nikikanyaga mafuta moshi wa bluu. Fundi akashauri tubadilishe ringi, eti ndiyo nafuu. Hakuna aliyepima silinda. Baada ya miezi mitatu moshi ukarudi, maana silinda zilishalika na ringi mpya haiwezi kuziba silinda iliyopanuka. Mwisho nikanunua injini ya mtumba. Nililipa mara mbili kwa ugonjwa mmoja!

Kwa hiyo jamani, kabla ya kuulizana bei, pimeni kwanza.

Moshi unakupa fununu tu. Wa bluu asubuhi ukiwasha kisha ukaisha, mara nyingi ni vali sili, kazi ndogo hiyo. Wa bluu kila ukivuta mafuta, shuku ringi na silinda. Mweupe usiokwisha huku maji ya rejeta yanapungua, shuku gasketi ya hedi. Mweusi ni mafuta mengi, hauna maana kwamba injini imechakaa.

Jibu lenyewe linatoka kwenye kipimo cha kompresheni. Injini ikiwa na moto, fundi anatoa plagi zote, anafunga geji kwenye tundu la plagi na kupiga stata. Injini nyingi za petroli zenye afya husoma kama 150 hadi 200 psi, na silinda hazipishani sana. Iliyosoma chini inamiminiwa oili kidogo, kisha inapimwa tena. Ikipanda, oili imeziba mwanya wa ringi, ugonjwa uko chini. Isipopanda, uko juu: vali au gasketi.

Ya shemeji silinda tatu zilisoma kama 170, ya nne 90, na oili haikuipandisha. Ikafunguliwa hedi peke yake, vali moja imeungua. Vali ikabadilishwa, hedi ikasawazishwa, gasketi mpya, gari ikarudi barabarani. Gharama haikufika nusu ya bei ya injini, na mkopo hakuuchukua.

Je, ugonjwa ukiwa chini? Hapo usikubali "tutabadilisha ringi tu" kama mimi. Bloku ipelekwe kwa fundi wa kukereza, apime silinda na kranki. Bloku za chuma, kama za 4A na 5A za Corolla za zamani, zinavumilia kuchongwa na kuwekewa pistoni kubwa zaidi. Injini kama 1NZ ya IST ina bloku ya alumini na silinda zenye ukuta mwembamba, hivyo fundi akisita, msikilize. Halafu jumlisha kila kitu: pistoni, ringi, beringi, gasketi, pampu ya oili, kukereza, ufundi, na siku ambazo gari haiingizi kitu. Jumla ikikaribia bei ya injini ya mtumba, au bloku imepasuka, au imenoki mpaka kranki imeharibika, basi badilisha.

Injini za mtumba zinatoka sana Japani, kwa sababu ukaguzi wa lazima kule, shaken, hufanya gari la zamani kuwa mzigo kwa mwenyewe, hivyo mengi yanavunjwa injini ikiwa bado nzima. Lakini umbali iliotembea mara nyingi huujui. Fungua kifuniko cha oili: ukiona tope jeusi, ondoka. Kubaliana kwa maandishi kwamba ikifungwa ipimwe kompresheni na ikifeli irudishwe. Dai risiti yenye namba ya injini, maana namba hiyo imo kwenye kadi ya gari na mabadiliko lazima yaripotiwe TRA. Ukikamatwa na injini ya wizi, utajitetea na nini?

Mwisho, tafuta kilichoua ile ya kwanza. Kama ni rejeta iliyoziba au feni mbovu, ukiiacha itaua na hii mpya.

Haya wadau, nani kafungua injini ikadumu, na nani kalizwa na ya mtumba? Tupeni uzoefu hapo chini, kuna mtu anausubiri kabla hajaenda kukopa.