Tahadhari Kabla ya Athari: Vihisi vya Ndege za Kivita za Uchina

Makala haya yanafafanua jinsi ndege ya kivita inavyotambua kombora linaloijia, kwa kurejelea ndege zilizoundwa Uchina. Suala hili haliko mbali na Afrika Mashariki. Jeshi la Tanzania limetumia ndege aina ya F-7, ambazo Uchina iliziunda kwa kufuata MiG-21 ya Muungano wa Kisovieti. Hoja kuu ni kwamba hakuna kihisi kinachotambua kila kombora, kwani kila kimoja hung'amua dalili ya aina yake.

Kihisi cha kwanza ni mfano wa sikio. Antena zilizopachikwa kwenye ndege hupokea mawimbi ya rada ya adui, kisha kompyuta huyalinganisha na yale iliyoyahifadhi. Rubani husikia mlio na kuonyeshwa upande yanakotoka. Hata hivyo, sikio hili halina manufaa pale ambapo adui hatumii rada.

Ushahidi ulijitokeza Mombasa tarehe 28 Novemba 2002. Makombora mawili aina ya Strela-2, yanayorushwa kutoka begani, yalielekezwa kwa ndege ya abiria ya kampuni ya Arkia ya Israeli iliyokuwa imebeba abiria 261. Yote mawili yalikosa shabaha. Strela-2 hufuata joto la injini na haitoi mawimbi ya rada. Kwa hiyo, hata sikio la ndege ya kivita lisingesikia lolote.

Hapa ndipo jicho linapohitajika. Kihisi cha urujuanimno huona mwako wa injini ya kombora. Kwa kuwa tabaka la ozoni huzuia sehemu ya mionzi hiyo itokayo kwenye jua, mwako huo hujitenga waziwazi na mandhari. Kasoro yake ni kwamba injini ikizimika, jicho hupofuka. Kihisi cha infraredi, kwa upande wake, huendelea kuona mwili wa kombora uliopata joto, ingawa huweza kudanganywa na vyanzo vingine vya joto. Katika ndege ya J-20, iliyoruka kwa mara ya kwanza tarehe 11 Januari 2011, vihisi vya macho vimesambazwa kwenye bodi ili kutazama pande mbalimbali.

Onyo likishatolewa, ndege hukata kona na kutupa fataki za joto. Mantiki ya fataki hizo inafahamika vyema Sori, mji wa wavuvi ulio kando ya Ziwa Viktoria katika Kaunti ya Migori. Usiku wa giza, mvuvi huelekeza omena kwenye taa iliyowashwa juu ya maji. Mbalamwezi ikiangaza, mvuto wa taa hupungua. Vivyo hivyo, fataki hulivuta kombora la joto iwapo tu inang'aa kuliko injini.

Ikumbukwe kwamba istilahi nazo zina uzito. Kuhisi si kutambua, na kutambua si kuonya. Kihisi hupokea dalili, kompyuta huitambua, mlio humwonya rubani. Mwanaisimu anayeziita hatua hizi zote "rada" huficha udhaifu uliodhihirika Mombasa: mawimbi yasipokuwepo, rada huweza kunyamaza ilhali kombora liko njiani.