Usawa wa Maneno katika Programu za Kompyuta

0. Utangulizi

Mwanaisimu anayekusanya msamiati kwa kompyuta hukabiliwa mapema na swali linaloonekana jepesi: ni lini maingizo mawili yahesabiwe kuwa neno moja? Asipolijibu yeye, programu hulijibu kwa namna yake, na kamusi huharibika kimya kimya. Makala haya yanaeleza jinsi swali hilo linavyoshughulikiwa katika Java, lugha ya programu iliyotolewa na kampuni ya Sun Microsystems mwaka 1995.

1. Kuwa kimoja na kuwa sawa

Katika Java, kila ingizo la kamusi laweza kuwa kitu cha aina iitwayo Neno, chenye sehemu zake: umbo, ngeli na maana. Alama == ikiwekwa kati ya vitu viwili huuliza iwapo ni kitu kimoja hasa, kilichowekwa mahali pamoja katika kumbukumbu ya kompyuta. Kitendo «equals» kimekusudiwa kuuliza iwapo vitu hivyo vinalingana. Lakini mtunga programu asipokiandika upya ndani ya aina yake, nacho hujibu kama ==. Hivyo «kitabu» kilichoingizwa na wasaidizi wawili huhesabiwa kuwa maneno mawili.

2. Sehemu za kulinganisha

Kukiandika upya kitendo hicho ni kutaja sehemu zinazopima usawa, na uamuzi huo ni wa mwanaisimu kabla ya kuwa wa fundi. Umbo peke yake halitoshi, kwani «paa» la nyumba na «paa» wa porini yangeunganishwa. Ngeli ikiongezwa, hayo mawili hutengana. Hata hivyo, «mto» wa maji na «mto» wa kulalia yana umbo moja na ngeli moja. Hapo maana ndiyo huamua. Nayo maana isilinganishwe kama maelezo, maana wasaidizi wawili hawataieleza kwa maneno yale yale. Yafaa ipewe nambari, kama kamusi zinavyofanya.

Kinyume chake, «mutoto» wa Lubumbashi na «mtoto» wa Kiswahili sanifu huandikwa tofauti, lakini mtafiti aweza kuyataka yawe neno moja. Njia salama ni kuongeza sehemu ya umbo sanifu na kulinganisha hiyo, huku umbo lililosikika likihifadhiwa.

3. Masharti ya usawa

Java yadai kila kitu kiwe sawa na nafsi yake. A ikiwa sawa na B, B iwe sawa na A. A ikiwa sawa na B, na B na C, basi A iwe sawa na C. Tena, jibu lisigeuke ikiwa sehemu zinazolinganishwa hazikugeuka, na pasiwe na kitu kilicho sawa na utupu.

Sharti la tatu huvunjwa kwa nia njema. Tuseme mtu, ili kusamehe makosa ya chapa, aamue kwamba maneno yanayotofautiana kwa herufi moja ni sawa. Basi «baba» ni sawa na «bata», na «bata» ni sawa na «bati». Lakini «baba» na «bati» hutofautiana kwa herufi mbili. Ukaribu si usawa.

4. Nambari ya kapu

Ili kutafuta upesi, baadhi ya seti za Java hugawa vitu katika makapu kwa nambari inayotolewa na kitendo «hashCode». Vitu vilivyo sawa sharti vitoe nambari moja. Anayeandika upya «equals» akakisahau «hashCode», huenda akatafuta neno alilokwisha kuliingiza asilione, kwa kuwa hutafutwa katika kapu jingine. Ndivyo inavyoweza kutokea pia sehemu inayolinganishwa ikisahihishwa baada ya neno kuingia katika seti; heri liondolewe kwanza, lisahihishwe, ndipo lirudishwe.

5. Hitimisho

Tangu toleo la 16 la mwaka 2021, Java ina aina ziitwazo rekodi, ambazo hupata vitendo vyote viwili bila kuandikiwa, kwa kulinganisha sehemu zote. Hilo hupunguza kazi ya mkono, wala haliondoi uamuzi: rekodi haijui kwamba «mutoto» na «mtoto» ni ndugu. Ajuaye ni mwanaisimu, na hana budi kulisema.