Petroli Imo, Lakini Pikipiki Inakohoa

Tangi limejaa, lakini pikipiki inakohoa mlimani. Haina nguvu, na injini inachemka. Ukiachia mkono wa mafuta, inaendelea kunguruma kwa nguvu badala ya kutulia. Wengi husema, "Petroli mbovu hii." Sisi tunasema, itazame kwanza kabureta.

Kazi ya kabureta ni kuchanganya petroli na hewa. Kilo 1 ya petroli huhitaji hewa kilo 15 hivi. Hewa ikizidi mno, injini hupata joto kali, na pistoni yaweza kutoboka. Hapo ni gharama kubwa, tena kazi imesimama.

Tujaribu hivi. Injini ikiisha kupata joto, vuta choki kidogo. Ikipata nafuu, petroli ilikuwa haitoshi. Izime, ipoe, ufungue plagi. Ncha ya plagi nzuri ni ya kahawia. Ikiwa nyeupe kama chokaa, hewa imezidi.

Sasa tazama mpira unaounganisha kabureta na injini. Injini ikinguruma polepole, unyunyizie maji. Mlio ukibadilika, hewa inapenya hapo. Kaza skrubu, au nunua mpira mpya. Wapo wanaopima kwa petroli. Jamani, huko ni kutafuta moto!

Mpira ukiwa mzima, funga koki ya tangi, fungua kabureta, safisha vijitundu vya petroli. Vipulize kwa pampu. Waya wa chuma usitie kabisa, maana hupanua tundu. Na lile chujio la hewa ulilolitoa eti pikipiki ipate mbio, lirudishe.